Hewa si Ushikaji: Acheni Springi ya Chuma Ibaki Kwenye Gari la Spoti

Haya basi, leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, ingawa najua itarudi kwa mlango wa nyuma. Kuna dai moja ambalo limenikera kwa muda sasa. Vijana wenye Subaru na Mark X zao hulisema kwa uhakika wa mtu anayekutajia leo ni siku gani: kwamba suspensheni ya hewa imeishinda koilova, kwamba springi ya chuma ni teknolojia ya babu, na kwamba mwenye pesa na akili atatoa chuma, ataweka mifuko ya hewa, na papo hapo atapata ulaini wa gari la rais pamoja na ushikaji wa gari la mbio, vyote kwa kubonyeza kitufe. Wakisikia kwamba natunga programu ili nile, wananiongezea la pili: "Lakini wewe si mtu wa kompyuta? Hii ina kompyuta ndani!"

Ndiyo, ina kompyuta ndani. Ndiyo sababu moja ya kuitilia shaka. Anayeishi kwa kuandika msimbo anajua kwamba kila mstari unaouongeza ni chumba kipya cha wadudu kulala, na swali la kwanza la mtunzi mzuri wa programu ni: tatizo lenyewe lipo? Kama halipo, usiandike kitu.

Tuelewane kwa maneno kwanza. Koilova ni springi ya chuma iliyovishwa juu ya shokomzoba, vyote vikafungwa kama kitu kimoja. Zile zinazonunuliwa baadaye huwa na mwili uliochongwa hesi kama bolti, ili uzungushe nati na gari lipande au lishuke. Suspensheni ya hewa huondoa ile springi na kuweka mfuko wa mpira uliojazwa upepo, kisha kwenye buti panafungwa kompresa, tangi, mabomba membamba, vali, na kompyuta ndogo inayoamua nani aongezewe hewa na nani apunguziwe. Shokomzoba inabaki. Shikeni hilo, maana nusu ya ubishi huu inatokana na watu kulisahau.

Springi hubeba gari. Shokomzoba humtuliza huyo springi asiendelee kurukaruka. Sasa chukua gurudumu moja lililobebeshwa kilo 300. Kama springi yake ina ugumu wa niutoni 30 kwa kila milimita hapo kwenye gurudumu, mwili wa gari utataka kupanda na kushuka karibu mara 1.6 kwa sekunde. Magari ya kawaida ya familia huwa kati ya mara 1 na 1.5. Ya spoti ya barabarani huwa kati ya 1.5 na 2, na ya mbio huzidi hapo. Hesabu hii haina habari na kilichobeba, kama ni chuma, ni hewa au ni raba. Mfuko uliopulizwa hadi ukafika mara 2 kwa sekunde utakutikisa kiuno sawasawa na chuma cha mara 2 kwa sekunde. Na ukiulegeza hadi mara 1.2 ili mama mkwe afurahie safari, gari litayumba kwenye kona kama gari la mara 1.2. Hakuna uchawi hapo wa kukaa pande zote mbili za mto kwa wakati mmoja.

"Lakini hewa inabadilika!" Sawa, twende huko.

Hewa inabadilika kulingana na mzigo, na huo ndio uzuri wake wa kweli, tena ni uzuri mkubwa. Ukiongeza mzigo, unaongeza shinikizo ili gari lirudi kwenye kimo chake, na shinikizo likipanda ugumu wa mfuko nao unapanda karibu kwa kiwango hicho hicho. Matokeo yake ni kwamba gari linapanda na kushuka kwa mwendo ule ule, likiwa tupu au limejaa. Basi la kwenda Mombasa linaloondoka na abiria wote na mizigo tumboni lina tani kadhaa zaidi ya lilivyokuwa likioshwa asubuhi. Ukilifunga springi za chuma za kulifaa likiwa limejaa, likiwa tupu litaruka kama mbuzi. Ndiyo maana mabasi makubwa na matrela yanakaa juu ya hewa, na mhandisi aliyeamua hivyo sina neno naye.

Gari la spoti lina uzito wa kilo 1,400 hivi. Atapanda dereva, na siku nyingine rafiki. Wote wawili, kilo 150. Hiyo ni karibu asilimia 11, na hutampata abiria wa tatu kwa sababu kiti cha nyuma kimewekwa kwa ajili ya mkoba. Kwa hiyo suluhisho zuri la tatizo la basi limechukuliwa likaletwa kwenye gari lisilo na tatizo hilo. Huku kwetu tunaita hivyo kuongeza maktaba nzima ya msimbo ili kujumlisha mbili na mbili.

Tena linakuja na gharama. Springi ya chuma iliyosukwa kwa nafasi sawa ni kama kazi safi katika programu: ukiiingizia sentimita moja inakutolea nguvu ile ile, leo na mwakani, kwenye baridi ya Limuru na kwenye joto la Mombasa. Haina kumbukumbu. Hewa inayo. Ukiibana polepole, joto linapata muda wa kutoka na mfuko unakuwa laini. Ukiibana ghafla, joto linabaki ndani na mfuko ule ule unakuwa mgumu hadi karibu asilimia 40 zaidi. Shokomzoba haijui hayo. Ilipangwa kwa ugumu mmoja, na ugumu ukiruka kwa asilimia 40, uwezo wake wa kutuliza, ukilinganishwa na unaohitajika, unashuka karibu asilimia 15. Tofauti ya nyuzi 20 za joto kati ya Limuru asubuhi na pwani mchana nayo inagusa shinikizo kwa karibu asilimia 7, na hapo kompyuta inabidi iamke irekebishe kitu ambacho chuma hakikuwahi kukiharibu.

Kisha kuna kona, na hapa ndipo nawaomba wanaosema neno "ushikaji" watulie wasikilize. Ukiingia kona ya kushoto kwa kasi, mfuko wa kulia unabanwa na wa kushoto unatanuka. Mfuko unaobanwa unazidi kuwa mgumu. Unaotanuka unazidi kulegea. Upande wa nje unashuka kidogo kuliko upande wa ndani unavyopanda, na jumla yake ni kwamba mwili mzima wa gari unainuka katikati ya kona. Kitovu cha uzito kinapanda pale pale ulipotaka kiwe chini. Springi ya chuma ya ugumu mmoja haifanyi hivyo. Na hiyo ni katika mifumo mizuri, yenye vali nne, kila gurudumu na yake. Ile ya bei rahisi ambayo mifuko miwili ya mbele inagawana bomba moja bila kitu cha kuzitenga ni balaa kamili: uzito ukienda kulia, hewa inasukumwa kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, gari linazidi kulala, na wewe unazidi kukaza usukani ukidhani tatizo ni tairi.

Wenye hewa watanijibu kwamba kule kukaza kwake mwishoni kunasaidia kwenye shimo, gari halipigi chini. Kweli. Lakini koilova nayo ina kile kipande cha povu gumu juu ya fimbo ya shokomzoba kinachofanya kazi hiyo hiyo kwa sentimita chache za mwisho, hakina waya, na hakihitaji kutiwa chaji.

Sasa hiyo kompyuta. Ukienda kilomita 100 kwa saa unakata karibu mita 28 kila sekunde. Bonge la lami lenye urefu wa nusu mita unalivuka kwa sekunde 0.018. Vali inafungua, hewa inapita kwenye bomba la upana wa penseli, mfuko unajaa, sensa inasoma kimo, kompyuta inahakikisha: hayo ni mambo ya sekunde nzima au zaidi. Bonge limeshabaki nyuma mita hamsini. Kwa hiyo kompyuta ya seti hizi haikusaidii chochote wakati tairi linakutana na barabara. Inaweka kimo. Basi. Mifumo ya kiwandani hata huzuiwa kwa makusudi isisawazishe gari likiwa kwenye kona, maana ingeanza kupuliza upande uliolala na ukinyoosha usukani ungejikuta umeinama upande wa pili.

Mnaopenda akili kwenye suspensheni, nami ni mmoja wenu, tazameni mahali inapofaa kukaa: kwenye shokomzoba. Corvette ya mwaka wa modeli 2003 ilipewa shokomzoba zenye mafuta yaliyochanganywa na vumbi la chuma, na sumaku ya umeme inayoyafanya yawe mazito au mepesi hadi mara 1,000 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa barabara. Na kilichobeba gari hilo hakikuwa hewa. Ilikuwa springi bapa iliyolazwa mkingamo, na tangu Corvette ilipohamishia injini katikati, modeli ya 2020, ni springi za kuzunguka kama koilova nyingine. Au nendeni mbali zaidi, kwenye Formula 1. Ayrton Senna alishinda Monaco mwaka 1987 kwa Lotus yenye suspensheni inayoongozwa na kompyuta, na Williams FW14B ikampa Nigel Mansell ubingwa mwaka 1992. Zilikuwa kali mno hata zikapigwa marufuku kuanzia msimu wa 1994. Kilichokuwa kikisukuma magurudumu ni mafuta ya haidroli, kwa sababu mafuta hayabanwi kirahisi na yanatii haraka. Waliokuwa na bajeti yote duniani hawakuchagua mfuko wa upepo na kompresa.

Wala hewa si jambo jipya, tafadhali. Cadillac Eldorado Brougham ya 1957 ilikuwa nayo, na 1958 General Motors wakaitandaza kama nyongeza kwenye magari yao mengi. Ilivuja, ikasumbua, na wamiliki wengi wakaishia kurudishiwa springi za chuma. Ilipata makao yake ya heshima baadaye, kwenye magari kama Mercedes S-Class ya 1998, ambayo ni mazito, hubeba familia na mabegi, na hayajali sana kama kona imechukuliwa kwa sekunde mbili zaidi. Sina ugomvi na S-Class. Ugomvi wangu ni na anayeichukua hoja ya S-Class na kuibandika kwenye Impreza.

Kampuni inayotuonyesha vizuri zaidi ni Porsche, kwa sababu inatengeneza vyote viwili na haina sababu ya kuogopa hewa. Panamera na Cayenne hupatikana na hewa, na Panamera ya 2016 ilikuja na mifuko yenye vyumba vitatu, ambavyo vikifungwa na kufunguliwa hubadilisha ugumu wenyewe. Hiyo ni kazi ya kweli, nawavulia kofia. Mifuko ya kununua na kufunga mwenyewe kwa kawaida ina chumba kimoja. Lakini 911 imekaa juu ya chuma. Hata pale mteja anapotaka pua ya 911 inuliwe ipite kwenye kizingiti, wao wameweka haidroli ya kuinua mbele, na springi ya chuma wameiacha mahali pake.

Najua mtaniletea Taycan Turbo GT. Sawa, ni gari kali ajabu, linakaa juu ya hewa, na Oktoba 2023 lilizunguka Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 7.55. Lina zaidi ya tani mbili kwa sababu ya betri, kwa hiyo limerudi kwenye kundi la mabasi niliyoyasifu hapo juu, na kazi kubwa ya kulituliza hufanywa na shokomzoba zenye pampu zake za umeme. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2022, 911 GT3 RS yenye springi za chuma na kama nusu ya nguvu ya lile lingine ilizunguka njia ile ile kwa dakika 6 na sekunde 49.328. Sisemi springi peke yake ndiyo iliyoleta sekunde 18. Uzito na mabawa yamechangia sana. Nasema tu kwamba anayedai chuma kimepitwa na wakati aanze kwa kuwaeleza hao waliotengeneza magari yote mawili.

Tugeukie nyumbani, maana hoja ya nguvu kuliko zote ni matuta. Nairobi ina matuta yenye alama, yasiyo na alama, na yale yaliyojengwa na wakaazi usiku. Gari lililoshushwa linakwaruza. Anayefunga hewa ili ainue gari kwenye tuta ana sababu ya maana kabisa, na simcheki. Ila aseme hivyo: nimenunua kimo. Asiseme amenunua ushikaji. Na kimo kina njia nyingine. Kuna vikombe vidogo vya hewa vinavyokaa juu ya springi ya koilova na kuinua pua tu. Vikitoboka, springi bado ipo na unaenda nyumbani. Corvette ya 2020 iliuzwa na kifaa cha kuinua pua karibu milimita 40 kwa chini ya sekunde 3, na inakumbuka kwa setilaiti hadi sehemu 1,000 ulizowahi kukiinulia. Elfu moja! Hapo napiga makofi kama mtunzi wa programu. Ingawa kwa Nairobi, sijui kama elfu zingemtosha mtu wa Eastlands.

Na kabla ya kununua kompresa, kumbuka tunaishi mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Shinikizo la hewa ya Nairobi ni dogo kuliko la Mombasa kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo pampu ile ile inavuta kidogo kila mzunguko na inafanya kazi muda mrefu zaidi kujaza tangi lile lile. Ongeza vumbi, ongeza unyevu unaotuama kwenye mabomba. Halafu ongeza swali la programu yenyewe: AccuAir, jina kubwa Marekani katika vidhibiti vya hewa, ilifunga milango mwaka 2020 kabla ya kuchukuliwa na Arnott. Springi haiulizi kama aliyeitengeneza bado analipa kodi ya ofisi.

Sasa zamu ya watu wa koilova, msidhani nimewasahau. Sifa mbaya ya springi ya chuma mmeileta wenyewe. Kijana ananunua seti ya bei ya chini, anazungusha nati hadi tairi linameza kidole, halafu analalamika kwamba koilova zinapiga. Hazipigi kwa sababu ni chuma. Zinapiga kwa sababu hazina pa kwenda. Kama shokomzoba ilikuwa na sentimita 8 za kubonyea na wewe umeshusha 5, zimebaki 3, na tuta la kwanza linamaliza zote. Kinachofuata ni mwili wa gari kugonga kikomo, na hapo hata springi ya dhahabu haikusaidii.

Wengine wanazungusha nati ya springi wakidhani wanaongeza ugumu. Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko. Nati haigusi hata kimoja. Waya ukitoka milimita 12 kwenda 13 tu, ugumu unapanda karibu asilimia 38. Na yule fundi anayekata mzunguko mmoja kwa mashine ya kusagia ili "kushusha": springi ya mizunguko sita ikibaki na mitano imekuwa ngumu kwa asilimia 20, fupi, na shokomzoba ni ile ile ya zamani iliyochoka. Huyo asilaumu chuma. Ukitaka gari lishuke, tafuta koilova ambayo kimo chake hurekebishwa chini, kwenye kiti cha shokomzoba, ili njia ya kubonyea ibaki nzima.

Anayesema chuma hakiwezi barabara mbaya aende Naivasha. Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, na magari yale yanayoruka juu ya mawe na kutua kwenye vumbi la fesh-fesh yote yana springi za chuma juu ya shokomzoba ndefu. Ulaini wake unatokana na urefu wa njia na ubora wa shokomzoba. Tatizo ni kwamba urefu wa njia hauonekani kwenye picha, na gari lililolala chini kwenye maegesho linaonekana.

Kwa hiyo atakayetaka kunijibu, karibu, ila aje na namba tatu za gari lake: kilo zilizo juu ya kila gurudumu, ugumu wa springi au mfuko pale gurudumuni, na sentimita zilizobaki za kubonyea gari likiwa kwenye kimo chake cha kila siku. Hizo tatu zinapimwa kwa mizani, futi kamba na jioni moja gereji. Na ambaye bado hajaamua anunue nini, aanze na bushi zilizokufa, mipira ya juu ya shokomzoba, na alaimenti. Magari mengi yetu ya mtumba kutoka Japani yanayumba kwa sababu hizo, na seti mpya ya koilova au hewa ikifungwa juu ya bushi zilizooza itayumba vilevile.